Luxon na hesabu ya nukta ndani ya kipindi: tathmini kutoka mwalo wa Kibirizi

Tarehe 31 Januari 2024, mwanachama mmoja wa kikundi cha akina mama wanaochuuza dagaa katika mwalo wa Kibirizi, hapa Kigoma, alichukua mkopo wa kurejesha kwa miezi sita. Ilipofika Machi, programu niliyowaandikia ikamtoza faini ya kuchelewa siku mbili, ilhali alikuwa amelipa tarehe 31 kama walivyopatana na hakuchelewa hata saa moja. Mweka hazina wa kikundi, mama mtu mzima ambaye daftari lake la mkono huwa halikosei, alinipigia simu akaniuliza, "Mwanangu, hii mashine yako inasoma kalenda ya nchi gani?" Siku ile sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwomba radhi na kumwambia mwenzake arudishiwe fedha yake.

Kosa lilikuwa langu wala halikuwa la kompyuta. Kanuni niliyoiandika ilichukua tarehe ya rejesho lililotangulia ikaiongezea mwezi mmoja. Kutoka 31 Januari ilifika 29 Februari, kwa kuwa 2024 ulikuwa mwaka mrefu na Februari haina siku ya 31. Kutoka 29 Februari ikaongeza mwezi mwingine ikafika 29 Machi, kisha 29 Aprili, na haikurudi tena mwisho wa mwezi. Mtu anayehesabu kwa kidole kwenye kalenda ya ukutani hawezi kuteleza hivyo, kwa sababu kila mara macho yake yanarudi pale alipoanzia, yaani siku mkopo ulipotolewa.

Hapo ndipo nilipoamua kuijaribu kwa makini Luxon, maktaba (yaani mkusanyo wa msimbo ulioandikwa tayari ili wengine wautumie) ya tarehe na saa kwa lugha ya programu ya JavaScript, iliyoanzishwa na Isaac Cambron na inayotunzwa chini ya paa moja na Moment, ile maktaba kongwe ambayo watunzaji wake walitangaza Septemba 2020 kwamba hawataiendeleza tena kwa mambo mapya na kwamba wanaoanza mradi wachague nyingine. Luxon ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na faili lake lililobanwa ni dogo kiasi cha kupakuliwa bila taabu hata pale mtandao unapokuwa wa kusuasua. Maktaba hii ina mambo mengi, lakini mimi nitaitathmini kwa jambo moja tu ambalo ndilo lililonitoa jasho: jinsi inavyoshika kipindi chenye mwanzo na mwisho, na jinsi inavyozitoa nukta, yaani tarehe na saa mahususi, zilizomo ndani yake.

Kipindi katika Luxon kinaitwa Interval, nacho ni kitu kamili chenye jina lake na kazi zake, wala si tarehe mbili zilizowekwa karibu karibu. Unakipa mwanzo na mwisho, au unakipa mwanzo na muda, kisha unakiuliza maswali: je, nukta hii imo ndani yako, je, unagongana na kipindi kile, nikukate kila baada ya mwezi utatoa vipande vingapi. Kazi ya kukata kwa muda maalumu inaitwa splitBy. Nilipoipa kipindi cha 31 Januari hadi 31 Julai 2024 na kuiambia ikate kila mwezi, ilinirudishia vipande sita vyenye mipaka ya 29 Februari, 31 Machi, 30 Aprili, 31 Mei, 30 Juni na 31 Julai. Hivyo ndivyo daftari la mama mweka hazina lilivyokuwa limeandikwa, neno kwa neno. Siri yake ni kwamba splitBy haihesabu kutoka kipande kilichotangulia, bali kila mara inarudi kwenye mwanzo wa kipindi na kuongeza mwezi mmoja, kisha miwili, kisha mitatu, hadi mwisho. Februari inapunguzwa kwa sababu ni fupi, lakini ufupi wake haurithiwi na Machi.

Kwa kazi ya mikopo, hilo peke yake lingetosha kunifanya niiweke maktaba hii kwenye kila programu. Hata hivyo mwaka huohuo ulileta mtihani mwingine mgumu zaidi. Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, na kwa kuwa wanachama wote wa kikundi wanaishi kwa dagaa na migebuka, walikubaliana kwamba marejesho yatakayoangukia ndani ya miezi hiyo mitatu yasogezwe mbele bila faini. Kwa lugha ya programu, nilipaswa kuzipata nukta za marejesho zilizomo ndani ya kipindi cha katazo, kuziondoa, na kuongeza nyingine za idadi ileile upande wa mwisho.

Swali la kwanza alilouliza mweka hazina, kabla hata sijafungua kompyuta, lilikuwa hili: "Tarehe 15 Agosti yenyewe imo au haimo?" Ni swali zito kuliko linavyoonekana. Luxon ina jibu moja lisilobadilika: mwanzo wa kipindi umo, mwisho wake haumo. Kipindi kinachoanza saa sita usiku wa kuingia 15 Mei na kuishia saa sita usiku wa kuingia 15 Agosti kina siku 92, na kazi ya contains ukiiuliza kuhusu 15 Agosti itakujibu kwamba haimo. Faida ya mpango huu ni kwamba vipindi viwili vinavyofuatana vinaweza kugusana mpakani bila nukta yoyote kuhesabiwa mara mbili wala kupotea katikati, jambo ambalo kwa hesabu za fedha ni la lazima. Hasara yake ni kwamba mtu wa kawaida anaposema "hadi tarehe 15" mara nyingi ana maana kwamba tarehe 15 imo. Kwa hiyo ilibidi tukae chini, mama, mwenyekiti na mimi, tukaamua kwa maneno kabla ya kuamua kwa msimbo: rejesho litakaloangukia 15 Agosti lilipwe. Laiti wangeamua kinyume, ningesogeza mwisho wa kipindi hadi saa sita usiku wa kuingia tarehe 16.

Baada ya hapo kazi ilikwenda upesi. Nukta za 31 Mei, 30 Juni na 31 Julai zilionekana zimo ndani ya katazo, zikaondolewa, na mahali pake pakawekwa 31 Agosti, 30 Septemba na 31 Oktoba, zote zikiwa zimehesabiwa kutoka 31 Januari ileile.

Kipindi hicho cha katazo kilinifundisha pia tofauti ya kazi mbili ambazo mtu mwenye haraka atazidhani kuwa moja. Ukiiuliza Luxon urefu wake kwa miezi kupitia length, itakujibu miezi 3. Ukiiuliza idadi ya miezi kupitia count, itakujibu 4. Majibu yote mawili ni sahihi: la kwanza linapima umbali, na la pili linahesabu kurasa za kalenda zilizoguswa, nazo ni Mei, Juni, Julai na Agosti. Nimeona programu ya ankara iliyotumia ile ya pili mahali pa ile ya kwanza, na wateja wakalipia mwezi wa nne ambao hawakuutumia. Nilipoichunguza nikakuta aliyeiandika hakuwa mwizi, ila alisoma jina la kazi na hakusoma maelezo yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa watu wa mwambao wa ziwa hili lina uzito kuliko mikopo, nalo ni usiku. Siku ya mvuvi wa dagaa haianzi saa sita usiku. Anatoka saa kumi na mbili jioni na taa zake, anarudi saa kumi na mbili asubuhi, na usiku huo mmoja, ambao sisi tunauita usiku wa kuamkia Alhamisi, kwenye kalenda ya kompyuta umegawanywa kati ya Jumatano na Alhamisi. Tajiri mmoja wa mitumbwi aliniomba nimpatie orodha ya mavuno kwa kila usiku, na programu yangu ya kwanza ikampa orodha ambayo kila usiku umekatwa katikati, nusu ya ndoo za dagaa zikiwa tarehe hii na nusu nyingine tarehe ya pili. Aliitazama, akacheka, akasema hajawahi kuvua nusu usiku.

Luxon iliniokoa kwa sababu splitBy haina mapenzi na saa sita usiku. Inaanzia pale ulipoanzia wewe. Nikianza kipindi saa kumi na mbili jioni, ambayo kwa kompyuta ni 18:00, na kukikata kila siku moja, kila kipande kinatoka jioni hadi jioni inayofuata, na usiku wote unabaki mzima ndani ya kipande kimoja. Kutoka hapo ni kuuliza kila rekodi ya mzani imo ndani ya kipande kipi. Usiku mmoja wa saa kumi na mbili una length ya nusu siku na count ya siku mbili, na huo ndio mfano ninaowapa vijana wanaokuja kujifunza kwangu pale Mwanga, hapa mjini, kwa sababu hakuna anayeusahau.

Kwa kulinganisha, nilijaribu kazi hiyohiyo kwa date-fns, maktaba nyingine inayopendwa sana na kwa haki, kwa kuwa unaweza kuchukua kazi mbili tatu unazozihitaji na kuziacha nyingine zote, jambo ambalo Luxon haikuruhusu kwa urahisi. Lakini falsafa yake kuhusu nukta ni tofauti. Kazi yake ya eachDayOfInterval hurudisha kila siku ikiwa imesogezwa hadi saa sita usiku, na eachWeekOfInterval hurudisha mwanzo wa kila wiki ya kalenda, wiki ikianza Jumapili usipoielekeza vingine. Nilipoipa katazo lililoanza Jumatano 15 Mei 2024, nukta ya kwanza iliyonirudishia ilikuwa Jumapili 12 Mei, yaani siku tatu kabla ya katazo lenyewe kuanza. Kwa mtu anayechora kalenda hiyo ni tabia njema, lakini kwa mtu anayepanga tarehe za kudai fedha ni balaa. Tena isWithinInterval ya date-fns huhesabu mwisho kuwa umo, kinyume na Luxon, kwa hiyo anayehama kutoka moja kwenda nyingine na azipitie tena hukumu zake zote za mipakani.

Nisiisifie Luxon kupita kiasi. Kazi yake ya divideEqually, inayogawa kipindi katika sehemu zilizo sawa, ni nzuri kwa namba zinazogawanyika na inapotosha kwa zisizogawanyika. Siku 92 za katazo ukizigawa kwa 4 unapata vipande vya siku 23, na mipaka inaangukia 7 Juni, 30 Juni na 23 Julai, safi kabisa. Ukizigawa kwa 13 ukidhani utapata wiki, kila kipande kinakuwa siku 7, saa 1, dakika 50 na sekunde kama 46, na mipaka inaanza kuangukia saa za ajabu ambazo hakuna mkutano wa kikundi uliowahi kufanyika. Sababu ni kwamba kazi hii inagawa milisekunde wala haijui kalenda. Anayetaka wiki na atumie splitBy kwa wiki moja, akijua kwamba atapata vipande 14 na kwamba cha mwisho kitakuwa cha siku moja tu, kwa kuwa wiki 13 ni siku 91. Kipande hicho cha mwisho kilichopunguka kinahitaji uamuzi wa binadamu: kiachwe, kiunganishwe na cha kabla yake, au kihesabiwe kuwa wiki kamili.

Nilitarajia pia kukuta kazi ya kuuliza nukta iliyo katika sehemu fulani ya kipindi, tuseme robo tatu yake, kwa ajili ya kumkumbusha mkopaji kwamba muda wake unakaribia kwisha. Haipo. Si vigumu kuitengeneza, kwani unachukua urefu wa kipindi kwa milisekunde, unauzidisha kwa 0.75, na kuuongeza kwenye mwanzo. Nusu ya siku 92, kwa mfano, ni siku 46, na nukta yake ni 30 Juni. Lakini maktaba iliyofikiria kugawa sawasawa ingeweza kufikiria na hili.

Kuhusu mwezi wa angani nitasema machache. Wavuvi hupumzika wakati wa mbalamwezi kwa kuwa taa hazivuti dagaa pakiwa na mwanga, na nilidhani ningeweza kuzipata nusu za giza kwa kukata mwaka kila siku 29, saa 12, dakika 44 na sekunde 3, ambao ndio wastani kutoka mwezi mpevu hadi mwezi mpevu. Luxon ilikata bila kulalamika. Ila mwezi wenyewe haufuati wastani. Mizunguko yake huwa kati ya takribani siku 29.27 na 29.83, kwa hiyo nukta zangu zilikuwa zikipishana na mbingu kwa saa kadhaa. Kwa kupanga usiku upi wa kupumzika zinatosha, ingawa wazee wa mwalo wa Katonga hawakuzihitaji.

Lugha yetu imetendewa vema nusu. Ukiweka lugha ya tarehe kuwa sw, yaani Kiswahili, Luxon inaandika Jumatano 15 Mei 2024 bila kosa, kwa kuwa majina inayachukua kutoka kwenye kivinjari au simu yenyewe. Saa ndiyo inayobaki ya kigeni. Ujumbe wa kwanza tuliowatumia wanachama ulisema mkutano ni saa 16:00, na mama mmoja akauliza kama hiyo ni saa ya redio, maana kwake saa inaishia kumi na mbili. Ilibidi niandike kanuni ndogo: ongeza sita, gawa kwa kumi na mbili, chukua baki, na baki ikiwa sifuri andika kumi na mbili. 16 ikawa saa kumi, nami nikaongeza neno jioni kwa mkono. Jambo la kuchekesha zaidi ni namba za siku. Luxon, ikifuata kanuni ya kimataifa, inaipa Jumatatu namba 1 na Jumapili namba 7, wakati sisi jina lenyewe linatuambia kwamba Jumatatu ni ya tatu na Jumamosi ndiyo ya kwanza. Kijana aliyekuwa akinisaidia aliandika 3 akimaanisha Jumatatu, na vikumbusho vyote vikaenda Jumatano.

Kuna jambo la seva. Tulikodi seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha programu yetu, iliyoko Ujerumani, ambako saa husogezwa mbele Machi na kurudishwa nyuma Oktoba, na hapa kwetu saa hazisogezwi. Luxon inatofautisha vizuri kati ya kuongeza siku moja, ambayo ni ya kalenda, na kuongeza saa 24, ambazo ni za saa ya mkononi, lakini tofauti hiyo inakusaidia tu ikiwa umeiambia uko ukanda gani wa saa. Usipoiambia, inachukua ukanda wa mashine inayoiendesha. JavaScript tupu ina mtego wake pia: tarehe iliyoandikwa 2024-05-15 bila saa husomwa kwa saa ya ulimwengu (UTC), na kwa hapa Kigoma inakuwa saa tisa usiku badala ya saa sita, hivyo kipindi chako kinaanza saa tatu baadaye kuliko ulivyotaka. Luxon huisoma kama saa sita usiku ya ukanda uliouweka. Wanaopanga safari za boti kwenda Bujumbura nchini Burundi au Mpulungu nchini Zambia wanalijua hili bila kompyuta, kwani huko saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja.

Kinachoniudhi kuliko vyote ni ukimya wake. Ukiipa kipindi ambacho mwisho umetangulia mwanzo, Luxon haipigi kelele. Inakitengeneza kipindi kilichoharibika, na ukikikata inakurudishia orodha tupu, ukikiuliza kama nukta imo inajibu haimo, na programu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwanachama mmoja alikaa wiki tatu bila kudaiwa kwa sababu aliyeingiza taarifa zake alikosea mwaka, na hakuna aliyejua hadi daftari la mkono lilipofunguliwa. Dawa ipo katika mipangilio ya maktaba yenyewe, nayo ni kuiamuru itoe hitilafu kila inapokutana na kitu kisichofaa:

Settings.throwOnInvalid = true;
Settings.defaultZone = "Africa/Dar_es_Salaam";

Mistari hiyo miwili sasa ndiyo ninayoiandika kwanza, kabla sijataja tarehe yoyote.